Bunduki ya Mwaka 1871 na Vita vya 1916 katika Nchi za Biharamulo na Ngara

Nemba ni sehemu ya nchi ya Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Nchi hiyo, pamoja na jirani yake Ngara, ilipitiwa na vita katika mwaka 1916, pale majeshi ya Wabelgiji yalipotoka Rwanda kuelekea ziwani, na vikosi vya Wajerumani vya Bukoba vikarudi nyuma kuelekea kusini. Katika vita hivyo kulikuwa na silaha moja iliyokwisha kuzeeka hata kabla ya vita kuanza, nayo ni bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Habari za silaha hiyo zimehifadhiwa vizuri kuliko habari za watu walioibeba, na jambo hilo lenyewe lastahili kuchunguzwa. Ikiwa bunduki ya namna hiyo itaonekana leo katika nyumba ya mtu huko Nemba, imefungwa kitambaa juu ya dari au kufukiwa nyuma ya nyumba, mtu atasema nini juu yake kwa hakika? Ilitengenezwa wapi, ilimfikiaje mwenyewe, na ni vita gani ilivyoviona?

Inafaa kwanza kutazama maneno, maana majina ya silaha katika Kiswahili yana historia yake. Neno bunduki limetokana na Kiarabu bunduq, lenye maana ya namna ya kokwa. Baadaye likawa jina la kidonge cha kurushwa, na mwisho jina la chombo chenyewe. Risasi, ambayo wazee wa pwani waliitamka rasasi, ni jina la madini tu. Gumegume ilikuwa bunduki ya kiberiti cha jiwe; gobori ni ile inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa kasiba. Katika Kinyarwanda bunduki ni imbunda, na katika Kiganda emmundu, na ni dhahiri kwamba maneno hayo yana udugu na neno la pwani na kwamba yalisafiri pamoja na bidhaa. Vita vya Wajerumani vilileta na bombomu, jina la bunduki ya mtambo, ambalo halihitaji kueleza asili yake kwa mtu aliyewahi kusikia mlio wake. Lakini bunduki ya 1871 haikupata jina lake mwenyewe lililoenea. Ilikuwa bunduki ya askari, basi, kwa kuwa kwa miaka mingi karibu kila askari wa Wajerumani aliyeonekana njiani alikuwa nayo begani.

Bunduki hiyo ilibuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf katika Ujerumani ya kusini. Kasiba yake ina upana wa milimita 11. Hupakiwa risasi moja tu kwa wakati mmoja: askari huvuta mtambo nyuma, hutia risasi kwa mkono, husukuma mtambo mbele na kuufunga, ndipo apige. Risasi ni kipande cha madini tupu chenye uzito wa gramu 25, na nyuma yake zimo gramu 5 za baruti nyeusi. Ikilinganishwa na bunduki ya Mauser ya 1898, yenye risasi tano katika chemba, upana wa milimita 7.92, risasi ya gramu 10 na baruti isiyotoa moshi, ile ya zamani ni chombo cha karne nyingine. Risasi yake kubwa ilivunja mifupa vibaya. Lakini ubaya wake kwa mpigaji ulikuwa moshi. Kila mara askari alipopiga, wingu jeupe lilisimama mbele ya uso wake, likamzuia kuona na likamwonyesha kwa adui mahali alipojificha. Katika vita vya porini, ambavyo uhai wa mtu hutegemea kutoonekana, hasara hiyo haikuwa ndogo.

Kwa nini basi askari wa Afrika walipewa silaha hiyo? Jibu ni la uchumi na la hofu kwa pamoja. Jeshi la Ujerumani lilipobadili silaha zake kuanzia mwaka 1888, ghala zilibaki na bunduki nyingi za zamani ambazo hazikufaa tena kwa vita vya Ulaya, na kuzipeleka makoloni kulikuwa rahisi kuliko kununua mpya. Tena watawala hawakupenda silaha bora zienee barani. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa serikali zenyewe na watu wachache wenye idhini. Magumegume na baruti ya kawaida ndiyo yaliyoweza kuuzwa kwa masharti. Mkataba ulizungumza sana juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki na utumwa vilikwenda njia moja. Lakini mtu akiusoma leo haoni vigumu kutambua faida ya pili: yeye aliyetaka kutawala alibaki na bunduki inayopakiwa nyuma, na yeye aliyetawaliwa akaachiwa gobori.

Mpango huo haukufaulu daima. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliushambulia msafara wa Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimwita Nyundo, wakauvunja katika muda mfupi. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakachukua bunduki zipatazo 300 pamoja na risasi. Bunduki ambayo Wajerumani waliileta kuwatiisha Wahehe ikawa mikononi mwa Wahehe, ikasubiri shambulio la Kalenga la Oktoba 1894. Na katika vita vya Maji Maji, tangu 1905 hadi 1907, bunduki ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wengi waliowapiga watu walioamini kwamba risasi zitageuka maji.

Upande wa magharibi ya ziwa bunduki zilifika kwa njia nyingine pia. Njia ya misafara ya kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilipita Usuwi, yaani nchi hiyo hiyo ya Biharamulo, ambako Speke alitozwa hongo nzito na mfalme Suwarora mwaka 1861. Baadaye alikuja Charles Stokes, mtu wa Ireland, aliyeacha kazi ya misheni akawa mfanya biashara na kuoa katika ukoo wa mtemi wa Usongo. Stokes aliwapelekea Wakristo wa Buganda silaha kwa njia ya ziwa, na mwisho biashara yake ilimponza: Wabelgiji walimkamata wakamnyonga mwezi wa Januari 1895 kwa kosa la kuwauzia bunduki maadui zao. Habari hii yafaa kukumbukwa na mtu yeyote anayetaka kusema asili ya bunduki fulani ya zamani katika nchi hizo. Si kila Mauser ni ya askari. Nyingine yaweza kuwa ilipita mikononi mwa mfanya biashara miaka 20 kabla ya vita vikuu.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, kombania nyingi kati ya 14 za jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki za 1871. Ushindi wa Tanga, mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, uliwapa bunduki 455 za Waingereza, bombomu 16 na risasi 600,000. Mwezi wa Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya meli ya Denmaki, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga huku ikifukuzwa na manowari ya Waingereza. Ilizama nusu, lakini shehena yake ikaokolewa kwa wapiga mbizi, nayo ilikuwa na bunduki za 1898 zipatazo 1,800. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa na kufungwa upya, kazi iliyochukua miezi. Meli ya pili, Marie, iliingia ghuba ya Sudi karibu na Lindi mwezi wa Machi 1916. Silaha hizo mpya zilielekezwa kwanza kwa kombania zilizokabili Waingereza upande wa kaskazini ya mashariki, ambako vita vilikuwa vikali. Mipaka ya mbali, kama ya Bukoba, Rwanda na Urundi, ilikuwa na vikosi vidogo, vikisaidiwa na rugaruga wenye magobori. Huko ndiko bunduki ya moshi ilikoendelea kuwa silaha ya kila siku.

Waingereza walikuwa wameuvamia mji wa Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915, wakabomoa mnara wa simu ya upepo na kuondoka. Mwaka uliofuata Wabelgiji walianza safari yao chini ya Jenerali Charles Tombeur, katika makundi mawili. Kundi la kaskazini, la Kanali Philippe Molitor, liliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, kisha likageukia upande wa Kagera. Kapteni Max Wintgens, aliyeilinda Rwanda, alikuwa amekwisha rudi nyuma akihofia kuzungukwa. Mwishoni mwa Juni askari wa Molitor walikuwa Biharamulo, ambako boma la Wajerumani bado lilikuwa jipya. Vikosi vya Bukoba vilivyoongozwa na Kapteni Gudowius, vikiwa njiani kukimbilia kusini, vikakuta njia imefungwa. Tarehe 3 Julai 1916 mapigano makali yalitokea Kato. Meja Rouling wa Wabelgiji alijeruhiwa vibaya. Gudowius naye alijeruhiwa akashikwa. Siku 11 baadaye Waingereza waliingia Mwanza, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora.

Katika mapigano ya namna ile ya Kato, pande zote mbili zilikuwa na askari wa Kiafrika, na pande zote mbili kulikuwa na watu waliosikilizana kwa Kiswahili, maana askari wa Kongo ya mashariki walikuwa na Kiswahili chao kilichoitwa Kingwana. Hata silaha zilifanana kwa kiasi. Askari wa Kongo walikuwa wamezoea bunduki ya Albini, nayo pia ya risasi moja moja na ya milimita 11. Kwa hiyo kipande cha risasi kilichookotwa shambani katika nchi ile hakitoshi kumwambia mtu ni nani aliyekipiga. Ganda la risasi husema zaidi. Ganda la Mauser ya 1871 lina urefu wa milimita 60 hivi, na la Albini milimita 50. Tena kitako cha ganda la Kijerumani mara nyingi kimepigwa chapa ya kiwanda na mwaka. Mkulima anayegonga ganda kwa jembe lake huwa ameshika ushahidi ulio bora kuliko masimulizi mengi, ila huuzwa pamoja na vyuma chakavu.

Bunduki za 1871 zilikwenda wapi? Hapa maandishi ya vita yenyewe yanasaidia. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma na kuwashinda Wareno huko Ngomano, likapata mamia ya bunduki na risasi 250,000. Silaha za zamani zilizokuwa zimebaki zikaachwa kwa sababu risasi zake zilikuwa zimekwisha au karibu kwisha. Siku tatu baadaye Kapteni Tafel, aliyeshindwa kuungana naye, aliharibu silaha zake na kujisalimisha. Na tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia, hesabu ilikuwa hii: mzinga mmoja wa Wareno, bombomu 37 ambazo saba tu zilikuwa za Kijerumani, risasi 208,000, na bunduki 1,071. Bunduki hizo zote zilikuwa za Waingereza na Wareno. Jeshi lililoanza vita na Mauser lilimaliza vita pasipo Mauser.

Hesabu hiyo ina maana kwa nchi ya Nemba. Bunduki ya 1871 iliyobaki huko haikutoka katika kujisalimisha kwa mwisho, wala haikurudi na askari aliyeachiliwa mwaka 1918, kwa sababu askari huyo alirudi mikono mitupu. Ikiwa ni ya jeshi, basi yaelekea sana kwamba iliachwa katika rudi nyuma ya mwaka 1916: iliangushwa na aliyeuawa au aliyekimbia, au ilifichwa na rugaruga aliyeona kwamba bwana wake wa jana hatarudi. Na ikiwa si ya jeshi, yaelekea kuwa ya biashara, nayo ni ya zamani zaidi. Katikati ya njia hizo mbili chuma chenyewe ndicho mwamuzi. Bunduki ya askari wa miguu huwa na maandishi I.G. Mod. 71 ubavuni, juu ya kasiba huwa na jina la kiwanda, kama Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg au Steyr ya Austria, na mwaka. Namba yake hurudiwa, kwa ukamilifu au kwa tarakimu za mwisho, katika sehemu moja moja, hata katika parafujo. Chuma cha kitako mara nyingi huwa na chapa ya kikosi. Zile fupi kidogo, zilizokuwa za vikosi vya wawindaji, ndizo zilizopendelewa kwa askari wa Afrika Mashariki. Parafujo yenye namba tofauti huonyesha kwamba bunduki imepita kwa fundi na kuunganishwa kutoka mbili. Mtu asiyejua Kijerumani aweza kunakili alama hizo zote kwa kalamu na karatasi katika nusu saa.

Katika mwaka ule ule wa 1916 bunduki za namna hiyo zilisikika mahali pengine mbali. Tarehe 26 Julai 1914 mashua Asgard ya Erskine Childers ilishusha bunduki 900 za 1871 katika bandari ya Howth, karibu na Dublin. Pamoja na nyingine zilizoshushwa baadaye zilikuwa 1,500, zote zilizonunuliwa Hamburg. Zilitumika katika maasi ya Dublin ya Aprili 1916, yaani majuma machache kabla ya Molitor kuingia Kigali. Watu wa Ireland wanaziita kwa jina la bandari ile, na baadhi yake zimewekwa katika makumbusho ya taifa lao, ambako hutazamwa kama vitu vya heshima. Chuma ni kile kile, moshi ni ule ule. Tofauti ni kwamba huko waliozibeba walibaki na nchi na wakaandika habari zao, na huku waliozibeba waliwapigania wengine.

Tena katika Biharamulo na Ngara bunduki ya zamani ina hatari ya pekee. Nchi hiyo ya mpakani ilipokea wakimbizi wengi mno mwishoni mwa Aprili 1994, walipovuka daraja la Rusumo, na miaka iliyofuata iliona ujambazi wa silaha barabarani. Mwezi wa Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na silaha zilizokusanywa zilikuwa na magobori ndani yake. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka serikali za eneo hili kuziteketeza silaha haramu, na hakuna mtu mwenye akili atakayelalamika, akikumbuka wasafiri walioporwa na kuuawa. Hata hivyo katika rundo la vyuma, bunduki ya 1871 haina tofauti na gobori la mwindaji, na mwenye kuisalimisha ana kila sababu ya kunyamaza juu ya babu aliyeileta. Kunakili namba na chapa kabla ya moto hakuvunji sheria yoyote, wala hakumrudishii mtu silaha. Kazi hiyo ingefaa kufanywa na walimu wa historia wa wilaya pamoja na polisi, na jina la aliyesalimisha lisiandikwe.

Maana namba ya bunduki ilitunzwa vizuri kuliko jina la mtu. Kila Mauser ilikuwa na namba katika daftari. Wapagazi waliobeba risasi zake, na chakula cha waliozipiga, hawakuwa na daftari la namna hiyo upande wa Wajerumani. Upande wa Waingereza wapagazi waliokufa waliohesabiwa rasmi walizidi 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao, ingawa wengi wanaonunua ndizi hapo hawajui. Wabelgiji nao walichukua wapagazi kwa maelfu mengi, na majeshi yao yalipopita katika Ngara na Biharamulo mizigo haikujibeba.

Mwaka 1964, mwaka ambao Lettow-Vorbeck alikufa, bunge la Ujerumani ya Magharibi lilitenga fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Imeandikwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, ng'ambo ya ghuba kutoka nchi ya Biharamulo, na kwamba wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya nguo za jeshi. Mjerumani aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye kwata ya bunduki. Wote, yasemwa, waliifanya bila kukosea, miaka 46 baada ya kuweka silaha chini, na wakalipwa. Mikono ya wazee hao ilikuwa imejifunza kwata hiyo juu ya bunduki ya 1871, kwa kuwa ndiyo waliyopewa wengi wao walipoandikwa. Mpagazi wa Nemba aliyebeba sanduku la risasi mwaka 1916 hakufundishwa kwata, na ufagio usingemsaidia.